Sufuria Juu ya Mlima

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wanafunzi wangu wanajua, direkta anajua, hata mama anayeuza mandazi mbele ya shule anajua. Ninafundisha mwaka wa tano, upande wa Majengo, watoto hamsini na wawili ndani ya darasa moja la mbao. Mtu akiniambia niwe mpole, namuuliza kwanza kama yeye amewahi kukaa na watoto hamsini na wawili mvua ikipiga mabati.

Na kukaa, kwa kweli, siwezi. Nyumbani ninakula nimesimama. Nyuma ya mlango kuna mkoba wangu uliofungwa tangu volkano ilipokuja mara ya mwisho: diploma, nguo mbili, tochi, chumvi, kamba. Kila jioni kabla ya kufunga mlango ninatoka nje, ninatazama kama wekundu wa juu ya mlima umezidi, narudi ndani. Hiyo njo ilikuwa elimu yangu yote ya mbingu.

Mwaka ule nilikuwa na msichana mmoja aliyekaa benchi la tatu, karibu na dirisha. Walikuwa wametoka Masisi na mama yake, wakakaa kambi ya Kanyaruchinya, kisha kambi ilipovunjwa wakapata chumba nyuma ya shule yetu, kimebanwa na ukuta wa ghorofa ya tajiri mmoja. Nilimwona mtoto kabla ya kumfundisha. Asubuhi alikuwa anasimama nje ya dirisha langu na kujibu maswali ya hesabu kwa midomo bila sauti, na alikuwa anajibu sawa. Mkononi alikuwa amefungwa kipande cha kikwembe, kitenge cha zamani, na upande wa pili wa kile kipande ulikuwa mkononi mwa mama yake aliyekuwa akiuza makala, mkaa wa kupikia, pembeni.

Katika kukimbia, yule mama alikuwa na watoto watatu: mmoja mgongoni, mmoja kila mkono. Watu walisukumana kwenye daraja, mkono mmoja ukabaki mtupu. Mpaka leo hajui yule mtoto alikwenda na nani. Tangu hapo, kila penye watu wengi, alimfunga huyu aliyebaki kwa kikwembe, mkono kwa mkono, fundo juu ya fundo.

Nilikwenda kumwomba mara tatu amlete shule. Mara ya kwanza alinikatalia, mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu alisema, "Madame, nitamuleta. Lakini siku nisipojua mutoto wangu iko wapi, siku ile njo shule imekwisha."

Nikasema, "Mama, mbele yangu hapotei mtoto." Haya. Mdomo ni mali ya bure.

Somo la nyota lilikuwa la mwezi wa tano. Ninyi msiosoma ualimu hamjui fishi ya matayarisho, basi niwaambie kidogo. Mwalimu wa kwetu hatangazi kichwa cha somo mwanzoni. Unaanza na kukumbusha, unaleta vitu watoto wavione na kuvishika, unauliza maswali, na watoto wenyewe wakishakaribia, hapo njo unaandika kichwa ubaoni. Ukikitaja mapema, mkaguzi akiwa nyuma ya darasa anakukata pointi. Mimi fishi naiheshimu kama Baba Yetu. Kwa hiyo siku ya kwanza neno nyota sikulitamka hata mara moja.

Niliandika ubaoni, watoto wakanakili katika kaye, daftari la kupeleka kwa wazazi:

"Leo saa moja ya jioni, kila mtoto aangalie mbingu upande wa mlima na aandike vile anaona. Kesho kila mtoto abebe: bwati ya maziwa isiyo na kitu, tochi, kamba, kitambaa cheusi."

Tazameni wenyewe. Mimi sikuona kitu. Niliona somo zuri: bwati, lile kopo, ya kutoboa, tochi ya kutia ndani, kitambaa cha kuziba dirisha, kamba ya kuwafunga watoto saba wawe nyota saba uani.

Yule msichana aliinua kidole. "Madame, na mwenye kwao mulima haionekane?"

Ilikuwa saa sita na nusu, nilikuwa na njaa, na nyuma wawili walikuwa wanapigana kwa ajili ya penseli. "Utatafuta pa kuonea! Atakayekuja kesho bila kuandika, sifuri, na nje ya darasa langu! Tumeelewana?"

"Ndiyo, Madame," wakaitika wote kwa pamoja.

Nje ya darasa. Kwa mtoto aliyesoma mwezi mzima kwa kuchungulia dirishani, nilimwambia hivyo.

Jioni nilikuwa nimesimama na sahani yangu ya fufu niliposikia njia inapata kelele. Kwanza viatu, kisha honi za magari, kisha watoto wanaoitwa majina. Nikatoka. Mwanaume mmoja alikuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, yenye godoro, mkewe nyuma na sufuria kichwani.

"Kuna nini, papa?"

"Volkano! Shule imeisha andikia wazazi. Banasema tuangalie upande wa mulima saa moja, tubebe tochi na kamba. Na wewe unasimama tu na sahani?"

Mungu wangu! Sahani ilianguka. Nilianza kupiga kelele katikati ya njia, "Hapana! Ni somo! Ni mimi nimeandika, ni somo tu!" Nani akusikilize? Mara ya mwisho volkano ilikuja jioni vilevile, na walionyamaza majumbani waliijua ikiwa mlangoni. Aliyeumwa na nyoka akiona kamba anaruka, na mimi kamba niliiandika kabisa ndani ya orodha. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya mlima na ule mwanga mwekundu wa kila siku ulikuwa umeyapaka kama damu. Ni wa kila siku, nawaambieni. Lakini nani anaupima siku aliyoambiwa autazame?

Nikiwa bado napayuka, mama wa makala akanishika bega. Mtoto mchanga alikuwa mgongoni. Alinyanyua mkono wake mwingine, na kipande cha kikwembe kilikuwa kinaning'inia, upande wa pili hauna mtu.

"Amefungua," akasema. "Tulikuwa tumefika mzunguko wa barabara. Nimegeuka, naona kitambaa tu. Amefungua fundo yeye mwenyewe, Madame. Njia yote alikuwa anasema, Madame amesema, Madame amesema. Umemwambia nini mutoto wangu?"

Nilikumbuka lile swali la saa sita na nusu, nikajua. Chumba chao kilikuwa nyuma ya ukuta wa ghorofa, mlima hauonekani pale. Sehemu ya kuonea mlima aliijua moja tu: kule juu, njia ya Kanyaruchinya, kwenye uwanja wa mawe ya volkano ambako hakuna nyumba wala taa. Mji mzima ulikuwa unashuka kwenda ziwani, na yeye alikuwa amekwenda juu.

Nilimwambia mama akae mlangoni kwangu, labda mtoto angerudi. Niliomba pikipiki tatu. Motari wa kwanza alicheka, wa pili alinitukana, wa tatu alikuwa na watu wanne nyuma yake. Nikapanda kwa miguu.

Ninatembea haraka siku zote, lakini siku ile kila hatua ilikuwa na mtu mbele yake. Nilipigwa na magodoro, na viwiko, na mbuzi. Kila mtu alinirudisha: "Mama, unaenda wapi, uko na akili?" Wengine walikuwa wazazi wa darasa langu. Mmoja alinishukuru. Alinishika mkono, machozi machoni, akasema, "Aksanti Madame, umetuokoa." Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa naomba njia nzima, lakini si sala ya mtu mwenye adabu. Nilikuwa nagombana. Namwambia Mungu, mmoja ulishamchukua kwenye daraja, huyu umwache, kosa ni langu, nipige mimi.

Baada ya lisaa limoja watu walipungua, kisha wakaisha. Mawe yakaanza, meusi, makali, yanakata viatu. Niliita nikakauka koo.

"Madame?"

Alikuwa amekaa juu ya jiwe kubwa, kaye magotini, bwati ya maziwa pembeni, tochi ya simu ndogo mdomoni ili mikono ipate kuandika. Aliitoa tochi mdomoni na kusimama, kama ninavyowafundisha kusimama mkubwa akiingia.

"Mawingu ilikuwa mengi, Madame. Nimengojea. Sasa imefunguka. Angalia, Madame, angalia kule..."

"Tembea!" nilimwambia. Nilimkamata mkono kwa nguvu mpaka akalia. Sikuinua kichwa. Naapa, mbingu nzima ilikuwa wazi juu yangu na mimi nilitazama wekundu tu, kama umezidi. Haukuzidi.

Kaye yake niliishika mimi. Tulishuka. Njia ilikuwa imejaa tena, watu wakirudi na magodoro yao, wameshajua ni somo tu, wanacheka, wananitafuta. Mlangoni kwangu mama yake alisimama. Hakumpiga. Hakunitukana pia, na heri angenitukana. Alimfunga kipande kile mkononi, fundo, na fundo juu yake, na fundo la tatu, wakaenda zao.

Kesho yake direkta aliniita, akafunga mlango, na yaliyosemwa mle yabaki mle. Wazazi walikuja. Wengine walinitukana mpaka wakachoka, wengine walicheka mpaka wakakaa chini, na jina la Madame Volkano ninalo mpaka leo, sokoni wananiita hivyo na bei ya mboga wananipunguzia. Mwisho direkta akasema, "Basi fundisha hilo somo lako, tulione."

Nikafundisha. Tuliziba madirisha kwa vitambaa vyeusi na vikwembe vya mama zao. Watoto walipanga bwati zao sakafuni, wakatoboa kitako kwa msumari na jiwe, tundu saba, wakifuata picha ya kitabu changu. Kitabu kinasema ni Dubu Mkubwa. Watoto wakauliza dubu ni nini, nikawaonyesha picha, wakasema, Madame, huyu ni mbwa mnene. Nikawaambia basi iteni sufuria yenye mkono, na hapo wote wakaiona. Tochi zikawashwa ndani ya bwati, na juu ya mabati na mbao za ukuta zikatokea sufuria nyingi zikitetemeka, na darasa lilinyamaza kimya ambacho sijawahi kukipata kwa fimbo. Kijana mmoja aliizungusha bwati yake, sufuria yake ikapinduka mdomo chini. Nikamkemea, "Shika vizuri! Utamwaga mboga!" Wakacheka, akaigeuza.

Lakini benchi la tatu, karibu na dirisha, lilikuwa na nafasi. Ilibaki hivyo siku ya pili na ya tatu.

Nilikuwa nasahihisha kaye zao nikitembea chumbani. Nyingi zilikuwa na maneno ya aina moja: "Nimeona watu wanakimbia." "Nimeona baba anabeba kitanda." Nikawapa pointi zao, ningefanyaje? Kisha nikafika kwenye kaye yake. Alikuwa amechora mlima, na juu yake tundu saba za penseli, safi, mkono wa sufuria upande wa kuume. Ila sufuria yenyewe alikuwa ameichora chini juu, mdomo ukitazama mlima. Chini yake ameandika: "Sufuria ya Mungu imemwagika juu ya mulima, njo maana iko na moto." Neno sufuria alilipata peke yake, kabla yangu. Na mimi, kwa ile akili yangu ya kitabu, nikafungua kitabu, nikalinganisha, nikapiga msalaba mwekundu. Mbili juu ya kumi. Nikaandika pembeni: "Umegeuza."

Kisha, aibu gani hii, nikaichukua kaye ile iwe sababu ya kwenda kwa mama yake. Nilidhani nikimpelekea kaye, mtoto atarudi.

Mama alikuwa anapepea mbabula, jiko lake la makala, uani. Mtoto alikuwa karibu yake, kile kipande mkononi, na pale uani hapakuwa na watu wengi. Palikuwa na sisi tu. Mama hajui kusoma, lakini rangi anaijua. Aliifungua kaye, akatazama ule msalaba muda mrefu.

"Hii nyekundu ni ya nini?"

"Amechora vibaya, mama. Amegeuza. Lakini nitamsaidia, akirudi..."

"Mutoto wangu alifungua fundo yangu. Alipita kati ya watu wote wanashuka, akaenda kule juu peke yake kwa sababu yako. Akakuletea kitu ulimutuma. Na ukamupatia nyekundu." Hakupandisha sauti. "Wewe Madame, hicho kitu uliisha kuiona? Na macho yako?"

Miaka kumi na minne ya ualimu. Nyota nimewafundisha watoto wa mwaka wa tano kila mwaka, na bwati, na kamba, na kitabu.

"Hapana," nikasema.

"Basi ulimutuma mutoto mahali wewe haujafika," akasema, akanirudishia kaye, akarudi kwenye mbabula yake.

Jioni ile nilitoka nje, mawingu. Nikaingia, nikatoka, mawingu. Majirani waliponiona natazama mbingu wakaanza kufunga mizigo, ikabidi niwapigie kelele kwamba hapana volkano, natafuta sufuria, wakasema basi kichwa cha Madame kimekwenda. Siku ya pili mvua. Siku ya tatu sikuvumilia. Nilipanda njia ileile, kwa mwendo wangu, mpaka kwenye mawe, nikatafuta jiwe lake na kukaa juu yake. Nilikaa. Mimi! Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, na wingu likapasuka.

Ilikuwa pale. Nyota saba juu ya mlima, mkono wake upande wa kuume, mdomo chini. Imemwagika, kama alivyoandika. Kitabu kilichorwa na watu wa mbali, wanaoitazama kutoka kwao, na huku kwetu sufuria ile inasimama vingine. Yule kijana wa bwati niliyemkemea alikuwa sawa. Mtoto alikuwa sawa kwa kila tundu. Nililia, sifichi, nikiwa peke yangu na kaye ya mtoto kifuani.

Nilishuka karibu kukimbia. Mama alikuwa anaosha sahani, msichana pembeni yake na kile kipande mkononi, mdogo amelala ndani. Sikungoja anikaribishe. Nilichuchumaa mbele ya msichana, nikatoa kalamu yangu ya bic nyekundu, nikafuta ile mbili yangu mbele yake, nikaandika kumi.

"Ulikuwa sawa," nikamwambia. "Wewe uliangalia, mimi nilisoma tu. Mimi njo nilikosea. Na kusema nitakutoa nje, nilikosea zaidi. Unisamehe, mama yangu."

Watoto wa kwetu hawajui la kufanya mkubwa akiomba msamaha. Alitazama viatu vyake. Kisha akasema polepole, "Leo iko pale, Madame?"

"Iko pale."

Akamgeukia mama yake. Mama alifuta mikono kwenye kikwembe chake. Alitazama mlango ambako mdogo amelala, akatazama ukuta wa ghorofa, akanitazama mimi toka kichwa mpaka viatu vilivyokatwa na mawe. Nilijua anafikiria daraja. Nilikuwa tayari anikatalie, na ningekubali.

Akafungua fundo la kwanza mkononi mwake, na la pili, na la tatu. Upande wa mtoto aliuacha umefungwa. Upande wake akaufunga juu ya mkono wangu, akaukaza kwa meno.

"Muende mukaangalie," akasema. "Kesho nitamuleta shule." Jirani aliyekuwa akichungulia mlangoni akamuuliza mtoto anapelekwa wapi usiku huu, naye akamjibu, akirudi kwenye sahani zake, "Ninajua iko wapi."

Tulipanda polepole, kwa mwendo wa mtoto.